Upande wa Magharibi Haukuchomwa

Nilisema uongo juu ya mtu mmoja mbele ya kijiji kizima, na uongo ule mpaka leo unafanya kazi. Kila mwaka nyasi zikikauka unaamka, unakwenda kazini. Kwa hiyo habari za mtu huyu siziandiki kwa raha. Mimi ni mtu wa darasa la tatu. Nimebeba magunia Isaka, nimepasua mwamba Geita kwa nyundo, nimeuza magogo ya kuegemeza kuta za maduara, mashimo ya dhahabu, na ng'ombe wangu nimewapata kwa mgongo wangu, sikurithi hata ndama. Kuomba radhi sikuzoea. Nitaandika ninavyoweza.

Jina lake ninalijua, sitaliandika, maana kwetu halikutumika. Alikuwa Bibi Misitu. Watoto walimwita hivyo, wazee walimwita hivyo, hata mkubwa wake akija na gari la wilaya aliishia kumwita hivyo hivyo. Kwao sikuuliza. Mtu akifanya kazi mbele ya macho yako miaka saba, kujua kwao kunakuongezea nini?

Alikuja na pikipiki ya ofisi ya misitu iliyokuwa inazimika njiani, na mabuti ya kiume namba tisa. Ofisi haikuwa na buti la mwanamke. Akayajaza magazeti kwenye vidole, akayavaa miaka yote. Ulimsikia kabla hujamwona. Na bado, akifika kwa mtu mzima, alipiga goti na mabuti yake yale, vumbi likatoka, akasema shikamoo kwa sauti ya binti aliyelelewa. Ukiitikia marahaba ukafikiri umempata mtu mpole, umekwisha. Dakika mbili baadaye anakubishia mpaka chai inapoa.

Kwa asiye wa kwetu nieleze ngitili. Ni malisho yanayofungwa. Mvua zikiisha hakuna ng'ombe anayeingia, nyasi zinasimama, miti inapumzika. Kiangazi kikikaza, mwezi wa tisa au wa kumi, panafunguliwa, na mifugo inaishi humo mpaka mvua irudi. Ngitili ya kijiji chetu ni kubwa, upande wa magharibi imeungana na msitu wa miombo unaokwenda mpaka mkoa wa pili. Mwenyekiti wa kamati ya ngitili nilikuwa mimi. Hakuna aliyenipa, niliuchukua uenyekiti kwa kuwa na ng'ombe wengi na sauti kubwa.

Siku ya kwanza alikuja nyumbani kwangu kuomba ruhusa ya kuichoma.

Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni. Nikamwambia, mwanangu, wenzako wanatumwa na serikali kuzima moto, wewe umetumwa kuwasha? Wazee wawili waliokuwepo wakacheka nami. Yeye alingoja tumalize. Alikuwa anatafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga tulizomkaribisha, hakuwa na haraka.

"Mzee," akasema, "moto utakuja tu. Kila mwaka unakuja. Ninachokuuliza ni kimoja, unautaka mwezi gani?"

Swali lile lilinikera. Moto kweli ulikuja kila mwaka. Warina asali, wawindaji, mtu na sigara yake, wachoma mkaa. Ulikuja mwezi wa tisa upepo ukiwa mkali, ukapanda mpaka kwenye matawi, ukaua mti mkubwa na mche pamoja. Yeye alitaka uje mwezi wa sita, umevaa pingu.

Namna yake ya kuchoma nitaieleza, maana niliitazama mara nyingi nikijifanya sitazami. Aliinama akang'oa nyasi konzi moja, akaisokota karibu na sikio. Juu zikilia kama karatasi na chini zikipinda bila kuvunjika, alisema zimefika. Hazikufika, alirudi nyumbani, hata kama watu arobaini wamekusanyika. Alianza saa kumi jioni, jua limepungua makali na upepo umechoka, ili umande ukishuka umsaidie kuzima. Hakutembea mbele ya moto. Alitembea nyuma yake na pembeni, polepole, kama mama anayerudisha kuku bandani. Aliacha viraka. Kichuguu kikubwa aliacha, mti wenye mzinga aliufagilia chini kwanza, kijito alikiacha na nyasi zake zote. Tukamwuliza mbona kazi haimalizi. Akasema pakiungua pote, ndege na sungura watakaa wapi, na nyie asali mtarina kwa nani? Miombo, alisema, imezaliwa na moto inaujua, ila inaujua ule mdogo. Ukiukataza kabisa, majani yanalundikana miaka mitatu, minne, halafu unakuja mmoja wa kulipiza.

Mwaka wa pili tulianza kuona. Palipochomwa mapema paliota majani mabichi wakati kwingine ni vumbi. Miche ya mininga ilisimama. Sikumsifu. Niliwaambia watu ni mvua nzuri.

Lakini kilichomgombanisha na sisi zaidi ni watu, si nyasi.

Sisi Wasukuma tuna mwano. Ni yowe la hatari. Likipigwa, awe mwizi wa ng'ombe, awe simba, awe moto, mwanamume anaacha alichoshika anakimbia. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wanahesabu nani hakuja, na asiyekuja anatozwa mbuzi. Ni desturi nzuri, imeokoa ng'ombe wengi. Tatizo ni kwamba tuliutendea moto kama mwizi wa ng'ombe. Tuliukimbilia usoni. Aliyefika wa kwanza alisifiwa, aliyerudi nyuma kuvuta pumzi alichekwa, na aliyekaa chini alitozwa. Tulikwenda na matawi mabichi na kandambili, tumbo tupu, wengine kifua wazi ili waonekane. Tukirudi tunakohoa makohozi meusi siku nne, na tunajivunia. Mimi mwenyewe nina kovu la mguu wa kulia ambalo nililionyesha kwa miaka mingi kama cheti.

Yeye akasema huo si ushujaa, ni kuchezea watu. Alisema hivyo kwenye kikao cha sungusungu, mwanamke, mbele ya wanaume wenye pinde. Akachora chini kwa kijiti. Hapa ni jivu la mwezi wa sita. Moto ukija mtakaa hapa kwenye jivu, mtausubiri, ukifika utakosa chakula, mtaumalizia pembezoni. Hamwendi kuufuata kwenye nyasi zilizosimama. Mkubwa wa sungusungu akamwuliza kama anataka waukaribishe na kiti. Watu wakacheka sana. Naye akacheka, halafu akasema ndiyo, na maji ya kunywa, maana mtakuwa mmekaa muda mrefu.

Akaunda kikosi. Watu kumi na mmoja, akamchagua Masanja awe kiongozi. Masanja alikuwa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, mtu mrefu, mcheshi, mume wa Mama Kabula. Akawawekea masharti. Kila mtu anywe lita moja kabla ya kwenda. Waende wawili wawili, mmoja akikaa mwenzake anakaa. Kila baada ya muda Masanja aite majina yote, na jina lisipoitika kazi inasimama. Anayekohoa sana anapelekwa zahanati, hata akikataa. Na anayepumzika asitozwe mbuzi. Sharti hilo la mwisho lilimchukua miaka miwili kulipata, na alilipata kwa kuchosha watu tu, kila kikao analirudia, kila kikao, mpaka mkubwa wa sungusungu akasema mpeni tupumzike.

Lililotuchekesha zaidi ni kikao cha baada ya moto. Alikusanya kikosi ukutani pa shule, akawaambia kila mtu aseme alichoona na alipoogopa. Wanaume wazima. Sisi wazee tukapaita kilioni. Mara ya kwanza mmoja alichora chini, mwingine akatazama ng'ombe wa watu. Ndipo Masanja akasema kuwa mwaka fulani aliposikia sauti ya moto nyuma yake alijikojolea, na mpaka leo akisikia mahindi yanakaangwa moyo unaruka. Akangoja wacheke. Hawakucheka. Mwingine akasema yeye ni sauti ya turubai likipigwa na upepo. Baada ya hapo ukawa mkutano ambao hakuna aliyeukosa, na ulevi wa baadhi yao ukapungua, na wake zao ndio walioniambia, si yeye.

Sasa usifikiri ninamchora malaika. Alikuwa na ulimi mbaya. Alimwambia mtendaji wa kata, mbele ya wageni, kuwa anaogopa nyoka kuliko anavyoogopa njaa ya watu wake. Alikuwa msahaulifu, alisahau ufunguo wa pikipiki kwenye pikipiki na jerikani la maji kwenye nyumba za watu. Na yale aliyowalazimisha wenzake hakuyafanya. Aliwafokea wanaume kwa kutokunywa maji, yeye akipitisha siku nzima na chai ya asubuhi. Aliwapeleka zahanati wanaokohoa, yeye akikohoa alijifanya anasafisha koo. Mke wangu alimwambia, mama, kifua hicho kiangaliwe. Akasema baada ya msimu. Misimu iliisha, mingine ikaja.

Na alikuwa anauogopa moto. Hilo nililigundua kwa kuwa karibu. Kila mara kabla hajawasha, mkono wake wa kushoto ulitetemeka, akauficha mfukoni. Nikamchokoza siku moja, nikasema kumbe na wewe. Akanijibu kuwa siku mkono utakapoacha kutetemeka hatawasha tena, atatafuta kazi ya ofisini. Nilimcheka. Wakati ule niliona mtu mwenye hofu na kazi yake hana kazi.

Nafika nilipokuwa sitaki kufika.

Mwaka wa saba alikuja kama kawaida kusema zimefika. Alitaka kuchoma pande zote nne za ngitili, ukanda wa hatua hamsini tu. Pande tatu nikakubali. Upande wa magharibi nikakataa. Magharibi ndiko kunakotokea boma langu, nyasi zake mwaka ule zilikuwa zinafika kiunoni, na nilishapanga kuwa siku ya kufungua ng'ombe wangu wataingia wa kwanza. Hatua hamsini za nyasi niliziona nyingi. Nikamwambia upande ule nitaulinda mwenyewe. Akaniuliza nitaulinda kwa kitu gani. Nikasema kwa macho yangu.

Alipiga goti, akaniaga, akachoma pande tatu. Na aliwaambia kikosi, mimi nikiwepo, kuwa moto ukitoka magharibi wasiende huko, wauache ujilie nyasi, wausubiri kwenye jivu la kaskazini na kusini. Nyasi zitaota, alisema.

Nami, pamoja na kukataa, nilikuwa nimeruhusu wakata magogo watatu waingie upande ule ule. Walikuwa wanakata magogo ya maduara, watu niliofahamiana nao tangu enzi zangu za Geita. Walipika ugali wao humo. Mwezi wa tisa, siku ya upepo, saa saba mchana, moto ukatoka walipokuwa wamepika. Waliondoka mbio na sikuwaona tena.

Mwano ukapigwa. Bibi Misitu hakuwepo. Alikuwa Shinyanga mjini, ameitwa na ofisi, na yeye akaona afadhali akienda aombe mabuti na vitambaa vya pua kwa ajili ya kikosi. Kikosi kikaja kwenye boma langu maana ndiko moto ulikoelekea. Masanja akawaita majina, wote kumi na mmoja. Akawaambia twendeni kusini tukakae. Mimi nilikuwa nimesimama pale naona nyasi zangu zinakwenda, moshi unafunika jua. Nikasema hapana. Nikasema nendeni mkaukate mbele, magharibi.

Masanja akasema, kwa heshima kabisa, "Mzee, huko hakuna jivu la kusimamia."

Nikamwambia, "Umeanza kuogopa nyasi?"

Ndivyo nilivyosema, mbele ya watu wake. Na sikuishia hapo, nikasema labda nimwite Mama Kabula aje na kanga yake aukate yeye. Wengine walicheka kidogo, kicheko cha kutotaka kuwa upande wake. Masanja aliinama akafunga kamba ya kandambili yake, akaenda. Wenzake wakamfuata.

Upepo uligeuka. Kumi walitoka, tisa kwa kukimbilia kusini, wengine nywele zimeungua. Masanja alikuwa amerudi kumwita mmoja ambaye jina lake halikuitika, kumbe huyo alishatoka upande mwingine. Tulimkuta juu ya kichuguu, anapumua. Ngozi haikuwa imeungua sana. Moto wote aliuvuta ndani. Tulimbeba kwa kitanda, akaishi siku mbili.

Nyasi ziliungua zote. Hatua hamsini na elfu nyingine.

Mkutano wa kijiji ulikaa siku ya tatu baada ya mazishi. Mama Kabula alikuwa mbele, mtoto mgongoni. Bibi Misitu alikuwa amerudi, amekaa chini pamoja na wanawake, mabuti ameyavua. Mwenyekiti wa kijiji akauliza moto umetoka wapi. Wale kumi wakatazama chini. Nikaona wanangoja niseme mimi, na nikaona kuwa kama sitasema haraka kuna mmoja atasema. Nikasimama. Nikasema moto umetoka kwenye kisiki. Kwamba Bibi Misitu alipochoma mwezi wa sita moto uliingia kwenye kisiki upande wa kaskazini, ukakaa humo, upepo ukaja ukautoa. Nikasema tulimwonya.

Kila mtu pale, hata watoto, alijua visiki vya kaskazini ni vyembamba, havikai na moto miezi mitatu. Lakini niliwapa kitu cha kushika. Wale waliocheka kicheko kile walikishika kwa mikono miwili. Mkubwa wa sungusungu akasema na yeye alishawahi kuona kisiki cha namna hiyo. Saa haikuisha, likapitishwa katazo: hakuna mtu kuwasha moto ndani ya ngitili mwezi wowote, awe nani.

Bibi Misitu aliuliza neno moja tu, kisiki kipi. Nikamwelekeza. Akavaa mabuti, akaenda kukitazama, akarudi, akapiga goti kwa Mama Kabula, akaondoka. Mwezi uliofuata ofisi ilimhamisha. Baadaye nikasikia ameacha kazi kwa sababu ya kifua.

Kikosi kilikufa alipoondoka. Jivu halikuwepo tena la kusimama. Lita moja ya maji, majina, kukaa ukutani pa shule, vyote vikaonekana mambo ya yule mwanamke wa moto. Miaka sita sasa ngitili inaungua mwezi wa tisa au wa kumi, na moto ni mkubwa kuliko ule wa zamani. Miche ya mininga aliyoilinda haipo hata mmoja. Mwaka jana mwano ulipigwa, mimi siendi tena, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nje ya boma. Vijana wakapita mbio kuelekea magharibi. Mmoja akasita. Mwenzake akamsukuma begani akamwambia, umeanza kuogopa nyasi?

Wakacheka wote wawili. Nikaelewa kuwa ni msemo. Wameukuta, wanautumia, hawajui umetoka kwa nani. Wawili kati ya wale vijana walirudi na nyayo zilizobanduka, na mmoja mpaka leo akipanda kilima anasimama mara tatu.

Hapo ndipo nilipotafuta anakoishi Bibi Misitu.

Yuko Kambarage, Shinyanga mjini, nyumba ya kupanga, chumba na uwanja mdogo. Anaotesha miche ya miti kwenye vifuko vya plastiki, anauza. Nilikwenda mwezi wa tano, na jogoo mmoja mkononi, nguo zangu nzuri. Nilimkuta amekaa anajaza udongo. Amepungua sana. Aliponiona alitaka kupiga goti, akashindwa, akashika ukuta, akasema shikamoo akiwa amesimama. Nikaitikia marahaba. Nikaona mimi ndiye niliyetakiwa kupiga goti, na sikupiga. Magoti yangu hayajajifunza.

Tuliongea habari za mvua. Akaniuliza kikosi mmoja mmoja kwa jina, nani anakohoa, nani ameoa. Nikajibu. Kila baada ya maneno machache alikuwa anasimama avute hewa, na sasa hakujifanya anasafisha koo. Mwishowe nikasema nilichokuja kusema. Nilisema chote, nyasi, wakata magogo, kandambili, kanga, kisiki. Nilisema nikitazama jogoo.

Aliendelea kujaza udongo. Akasema kuhusu kisiki alijua siku ile ile, kilikuwa na mchwa hai ndani.

Nikamwuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Kaburi lilikuwa bichi. Na wale kumi walikuwa wanatetemeka, ningesema mngeanza kutafutana ubaya pale pale mkutanoni." Akavuta hewa. "Halafu nilidhani utasema mwenyewe, mwaka ule ule. Nilikuheshimu kupita kiasi, mzee."

Nimetukanwa maishani. Nimetukanwa na makuli wa Isaka na wachimba dhahabu walevi, nikarudisha. Hilo nililipokea. Nikamwambia nimekuja kuomba anisamehe.

"Sikusamehi leo," akasema, bila ukali, kama mtu anayekataa bei. "Nikikusamehe utarudi ukalale. Sitaki ulale. Katazo lile bado lipo?"

Nikasema lipo.

"Basi vijana bado wanakwenda kwenye nyasi zilizosimama. Jina langu si kitu, liache huko huko. Nenda kaliondoe katazo. Na huwezi kuliondoa bila kusema lilitoka wapi."

Nikajaribu. Nikasema mimi ni mzee, naweza kumwita mwenyekiti tuzungumze pembeni, tulifute taratibu, watu wasiumizane upya. Akaniacha nimalize. Akasema Masanja hakutukanwa pembeni. Kisha akanipa sharti moja zaidi: Mama Kabula asilisikie mkutanoni. Nimwendee nyumbani kwanza, nimwambie akiwa amekaa kwake. Nikaahidi. Nikamwomba naye aje siku ya mkutano. Akasema atakuja ila hatasema neno, hana pumzi ya kupoteza.

Kwa Mama Kabula nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alinikaribisha kiti, akaniletea maji, tukazungumza mahindi. Mara ya pili nilizungumza mahindi tena, na ukuta wake wa nyuma unaohitaji udongo, nikasema nitaleta watu wa kuukandika. Akanishukuru sana. Akasema tangu mume wake aondoke mimi ndiye jirani anayemkumbuka. Nilitoka pale nikapita njia ya mbali kurudi kwangu. Sikumwambia.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, wiki ya kwanza ya mwezi wa sita, uwanjani pa shule. Bibi Misitu alishuka kwenye pikipiki ya kukodi, akashikwa mkono mpaka kwenye benchi. Watu walinong'ona. Mama Kabula alinyanyuka akaenda kukaa karibu naye, akamwekea kanga mgongoni kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Niliona Bibi Misitu anamwuliza kitu kwa sauti ndogo, na Mama Kabula anatikisa kichwa, kama mtu anayesema hapana, hajaniambia kitu. Bibi Misitu akageuka akanitazama mimi.

Mwenyekiti akataja agenda, akasema mzee ana jambo juu ya ngitili. Nilikuwa nimejiandaa kuanza na salamu, na historia ya malisho, na ng'ombe walivyopungua, ili nifike taratibu. Nikasimama. Vijana walikuwa nyuma, wengine wanachezea simu. Wanane kati ya wale kumi walikuwepo, wamekaa mbalimbali. Salamu zote zikanitoka kichwani.

Nikasema, "Masanja nilimtuma mimi."

Mkubwa wa sungusungu akasema, mzee kaa chini, umechoka, mambo ya zamani hayo. Watu wawili watatu wakaitikia, ndiyo, akae. Mwenyekiti akainua mkono, hakujua aushushe wapi. Na nitasema kweli, benchi lilikuwa karibu sana nyuma yangu, na kila mtu alikuwa ananipa ruhusa.

Mama Kabula hakusimama. Hakuondoa mkono wake kwenye ile kanga aliyomfunika mwenzake. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemwona mgeni mlangoni.

"Mwacheni," akasema. "Endelea, mzee."

Nikaendelea.